Binti Mwenye Anakataa Chakula

Tuanze kwenye meza ya chakula. Binti wa miaka 15 ao 16 anaanza kuacha kula. Kwanza anaacha mafuta. Kisha anaacha bukari. Kisha anasema amekwisha kula kwa rafiki yake, kesho yake anasema tumbo linauma. Anakonda. Mikono yake ni baridi hata mwezi wa kumi, wakati jua linachoma mabati. Usiku halali vizuri, na mchana hatulii, anatembea tu, anafagia, anatembea tena. Mwisho damu ya mwezi inakatika.

Hapo watu wa nyumba wanaanza kusema. Shangazi anasema: «Ana mimba, mumuangalie vizuri.» Jirani anasema ni SIDA, lakini anasema kwa sauti ya chini. Nkambo anasema amelogwa. Baba anasema ni kiburi tu, fimbo itamurudisha kwenye sahani. Na kati yetu sisi wachungaji, kuko wenye kusema ni pepo, na kuko wenye wanamusifu mbele ya vijana wenzake kwamba anajua kufunga. Kila mutu ana neno lake, na binti anaendelea kukauka.

Mimi si munganga. Nilijifunza Biblia, sikujifunza dawa. Lakini mambo ambayo wanganga wamevumbua juu ya mwili wa binti kama huyu hayako siri, na ninaona inafaa yasemwe katika lugha yetu, sababu neno lisilo la kweli likisemwa juu ya mugonjwa linaweza kumuchelewesha miezi mingi, na miezi ile ni ya bei kali.

Ugonjwa wenyewe si wa leo. Mwaka 1873 munganga mumoja wa London, William Gull, na mwingine wa Paris, Ernest-Charles Lasègue, kila mumoja kwa upande wake, walieleza habari ya mabinti wenye kukataa chakula mpaka kuwa mifupa mitupu, bila kifua kikuu wala ugonjwa mwingine wa kuonekana. Gull ndiye alitoa jina ambalo linatumiwa mpaka leo, anoreksia nervosa. Mwaka 1979 Gerald Russell, naye wa London, alieleza ndugu yake mwenye anaitwa bulimia: mutu anakula mingi sana kwa siri, kisha anajitapisha ao anakunywa dawa za kuharisha. Kuko tena wale wenye kula bila kuweza kusimama, lakini hawatapiki. Wanaume pia wanapata magonjwa haya, lakini wanamuke ni wengi zaidi. Na musizani ni muchezo wa watoto wa matajiri. Kati ya magonjwa yote ya akili, anoreksia ni moja ya yale yenye kuua zaidi. Wazee wenye walisikiliza muziki wa Marekani kwenye radio wanakumbuka sauti ya Karen Carpenter. Alikufa mwaka 1983, moyo ukasimama, akiwa na miaka 32.

VIJANA 36 WA MINNESOTA

Kuko habari moja ambayo ningependa kila baba aijue mbele ya kushika fimbo.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, kule Marekani kulikuwa vijana wenye walikataa kubeba bunduki kwa sababu ya imani. Wengi walitoka katika makanisa ya Mennonite, ya Brethren na ya Quakers. Serikali iliwapa kazi zingine za kusaidia taifa. Munganga wa mambo ya mwili, Ancel Keys, wa chuo kikuu cha Minnesota, alitafuta kati yao watu wa kujitolea: alitaka kujua njaa inafanya nini ndani ya mutu, na namna gani ya kumurudisha, sababu Ulaya ilikuwa imejaa watu wenye njaa. Alichagua vijana 36, wote wenye afya nzuri, wote wenye akili timamu. Aliwapima kwanza ili kuhakikisha hilo.

Kazi ilianza mwezi wa 11 mwaka 1944. Kwa majuma 12 walikula vizuri. Kisha, kwa majuma 24, walipewa karibu nusu ya chakula chao: mikate, viazi, kabichi, makaroni, vile watu wa Ulaya walikuwa wanakula katika vita. Na kila juma walipaswa kutembea kilometre 35. Walipoteza karibu robo moja ya uzito wao.

Sasa sikilizeni namna walikuwa. Walisikia baridi hata wakati wa joto. Moyo ulipiga polepole. Tamaa ya mwanamuke iliisha. Walikuwa wenye huzuni, wenye kukasirika haraka, hawakutaka tena kuongea na watu. Na mawazo yao yote yalikuwa chakula. Wanaume wenye hawajapika hata siku moja walianza kusoma vitabu vya mapishi usiku kama mutu anasoma hadithi. Walikata mukate vipande vidogo vidogo, walikaa saa nzima juu ya sahani moja, walilamba sahani. Wengine walivunja sheria wakala kwa siri, kisha wakasikia haya kubwa.

Mama mwenye alimuona binti yake katika ugonjwa huu atatambua kila jambo moja: baridi, hasira, kukata chakula vipande vidogo, hata lile jambo la ajabu la kupenda kupikia wengine na yeye mwenyewe asionje. Lakini vijana wale hawakuwa na pepo. Hawakulogwa. Hawakuwa na kiburi, maana walijitolea kwa kusaidia watu wenye njaa. Njaa yenyewe ndiyo iliwageuza. Keys aliandika yote katika vitabu viwili vikubwa vyenye vilitoka mwaka 1950, na mpaka leo wanganga wenye kutunza mabinti wenye anoreksia wanavitumia.

Sisemi kwamba njaa peke yake inaanzisha ugonjwa. Vijana wale walikula tena wakati waliruhusiwa. Binti wetu anaweza kuwa na chungu kizima mbele yake na asiguse. Lakini kisha majuma mingi bila chakula, sehemu kubwa ya tabia yenye tunaita ugumu wa roho si roho yake, ni mwili wenye njaa unasema.

KAPITA NA DEPO

Namna gani njaa inageuza akili? Hapa tunaingia katika habari ya homoni.

Homoni ni kama barua yenye mwili unatuma kwa njia ya damu, kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Chini ya ubongo kuko kipande kidogo, wanganga wanakiita hipotalamasi, na hicho ni kama kapita wa kazi: kinapokea habari za mwili mzima na kinatoa amri. Moja ya barua zile inaitwa leptini. Inatoka katika mafuta ya mwili. Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waliivumbua mwaka 1994. Leptini ni kama ripoti ya mulinzi wa depo: mafuta yakiwa ya kutosha, ripoti inakuwa kubwa, mafuta yakiisha, inakuwa ndogo sana. Barua nyingine, grelini, ilivumbuliwa huko Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Inatoka tumboni, nayo inasema: njaa, njaa.

Katika damu ya binti mwenye anoreksia leptini ni chini sana, na grelini mara nyingi iko juu. Kapita anasikia kwamba depo ni tupu. Basi anafanya vile kapita yeyote mwenye akili angefanya: anafunga kazi zenye haziko za lazima. Homoni ya tiroidi yenye kuleta joto inapunguzwa, ndiyo maana mikono ni baridi. Kortizoli, homoni ya hatari na mashaka, inapanda, ndiyo maana halali. Na kazi ya kwanza ya kufungwa ni ile ya kuzaa. Kapita anaacha kutuma amri kwa mayai, estrojeni inashuka, damu ya mwezi inasimama. Mwili unasema: hapa hakuna chakula cha mutu mumoja, namna gani tulete wa pili?

Mwaka 2004 wanganga wa Boston walifanya jambo moja lenye kufundisha. Kulikuwa wanamuke wenye hawakuona mwezi tena kwa sababu ya mazoezi mingi ao uzito mudogo. Waliwapa leptini yenye kutengenezwa, bila kubadilisha kitu kingine. Katika miezi michache wamoja wao walianza kuona mwezi tena. Kapita alipata ripoti nzuri, akafungua kazi.

Kwa hiyo, shangazi, kabla ya kusema mimba, kumbuka kwamba mwezi unaweza kukatika kwa njaa tu. Ninajua mabinti wenye walipigwa kwa jambo hili. Kipimo cha mimba ni bei ndogo kuliko fimbo, na hakiachi alama.

Hasara ya estrojeni haionekani kwa macho. Miaka ya ujana ndiyo miaka ambayo mifupa inajengwa. Binti mwenye anakosa estrojeni miaka 2 ao 3 anaweza kuwa na mifupa ya mama muzee, na sehemu moja ya hasara ile hairudi. Wengine wanafikiri kumupa vidonge vya kupanga uzazi ili damu itoke. Damu itatoka, ndiyo, lakini ni damu ya vidonge. Mifupa haijengwi kwa njia hiyo, na wazazi wanadanganyika kwamba mutoto amepona.

Katika bulimia hatari kubwa ni nyingine. Mwenye kutapika kila siku anapoteza potasiumu, na bila potasiumu moyo unaweza kusimama bila kutoa onyo. Meno pia yanaliwa na maji makali ya tumbo. Na huyu anaweza kuwa na uzito wa kawaida, hakuna mutu mwenye atamushuku.

ALAMA ZA KREYO

Sasa tufike kwenye jambo lenye wanganga wanachunguza zaidi katika miaka hii, na ndilo lilinifanya nichukue kalamu.

Kila mutu amepokea kwa baba na mama jeni zake, zimeandikwa katika kile wanaita ADN. Katika ugonjwa huu jeni zina sehemu yake. Mwaka 2019 wanganga wa inchi mingi, katika kazi yenye iliongozwa na Cynthia Bulik, walitangaza uchunguzi wa watu 16.992 wenye walipata anoreksia, kutoka inchi 17, wote wa asili ya Ulaya. Walipata sehemu 8 za ADN zenye kuwa na uhusiano na ugonjwa. Jambo lenye lilishangaza wengi: uhusiano haukuwa na akili peke yake, ulikuwa pia na namna mwili unatumia sukari na mafuta. Kwa maneno mengine, wamoja wanazaliwa na mwili wenye kushuka kilo kwa urahisi na kupanda kwa shida. Wenzao wakifunga kula siku 10 wanarudi, wao wanateleza.

Lakini jeni hazibadiliki kwa sababu ya kufunga kula. Kitu chenye kinabadilika ni namna zinasomwa. Nitatumia mufano wa kitabu cha nyimbo. Kila chembe ya mwili, iwe ya ini, ya mufupa ao ya ubongo, iko na kitabu kizima, nyimbo zote. Lakini ini haliimbi nyimbo za mufupa. Kuko alama ndogo pembeni ya ukurasa zenye kusema: huu tuimbe, huu tuache. Moja ya alama zile inaitwa metili, kitu kidogo sana, kaboni moja na hidrojeni tatu. Mara nyingi metili ikishikamana pale wimbo unaanzia, wimbo ule haukuimbwa ao unaimbwa kwa sauti ndogo. Elimu ya alama hizi inaitwa epijenetiki. Maneno ya kitabu hayakubadilika hata herufi moja. Chenye kilibadilika ni alama.

Na chakula kina nguvu juu ya alama. Mwisho wa mwaka 1944, wakati vijana wa Minnesota walikuwa wanaanza kazi yao, jeshi la Wadachi lilizuia chakula kisifike magaribi ya Uholanzi. Watu walikula vitunguu vya maua. Zaidi ya watu 20.000 walikufa mbele ya vita kuisha mwezi wa 5 mwaka 1945. Kuko watoto wenye mimba zao zilianza katika baridi ile ya njaa. Mwaka 2008, wakati walikuwa wazee wa miaka karibu 60, Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walilinganisha damu yao na ya ndugu zao wa tumbo moja. Kwenye jeni moja ya kukuza mwili, jina lake IGF2, alama za metili zilikuwa kidogo kuliko za ndugu zao. Miaka 60 ilipita, na alama ilikuwa pale. Hapa Afrika pia, kule Gambia, uchunguzi wenye ulitoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wenye mimba zao zilianza wakati wa mvua na wale wa wakati wa jua hawana alama sawa, sababu mama zao hawakula chakula kimoja.

Wakati nilisoma habari ya Uholanzi kwa mara ya kwanza, nilisikia uzito. Nilisema: basi binti mwenye alikaa na njaa miaka 3, ameandikwa, imekwisha. Ningekuwa nimesimama pale, ningekuwa nimewadanganya.

Kule Montreal, Canada, kuko hospitali ya Douglas, na Howard Steiger pamoja na wenzake wamekaa miaka mingi wakichunguza alama hizi katika damu ya wanamuke wenye magonjwa ya kula. Waliona mambo mawili. La kwanza: kwa wanamuke wenye anoreksia, alama nyingi ziko tofauti na za wanamuke wenye afya, kwenye jeni zenye kugusa mafuta ya mwili, kinga, na mambo ya ubongo, na kwa wale wenye ugonjwa umekaa miaka mingi, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ni kama ugonjwa unaendelea kuandika kila mwaka. La pili lilitangazwa mwaka 2019: walichunguza wanamuke wenye ugonjwa, wale wenye walikuwa wanapanda kilo, na wale wenye walipona tangu mwaka moja ao zaidi. Kwa wenye kupanda kilo, alama zilikuwa zinaanza kurudi. Kwa wenye walipona, nyingi zilikuwa zimefanana tena na za wanamuke wenye hawakugonjwa.

Kwa hiyo alama hizi, kwa sehemu kubwa, ziliandikwa kwa kreyo, si kwa biki. Tuseme ukweli wote: walichunguza damu, hawakuchunguza ubongo, maana hakuna mutu atafungua kichwa cha binti muzima. Na hakuna mutu anaweza kuapa kwamba alama hizi zinaleta ugonjwa ao ugonjwa unazileta. Lakini Steiger na wenzake wanasema jambo lenye ningependa tulipeleke nyumbani: binti akijua kwamba mwili wake umeandikwa na ugonjwa, na kwamba maandiko yale yanaweza kufutika akila, haya inapunguka. Haambiwi tena «wewe ni mubaya». Anaambiwa kile kimemufikia, na kwamba kuko gomu ya kufuta.

FIJI, GHANA, NA KWETU

Kuko wenye watasema: Muchungaji, haya ni ya wazungu. Kwetu mwanamuke mwenye mwili ndiye anasifiwa.

Watu wa Fiji walisema vilevile. Kwenye visiwa vile mwili mukubwa ulikuwa heshima, na mutu akikonda jamaa lote liliona haya, sababu ilionyesha kwamba hawamutunzi. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika sehemu moja inaitwa Nadroga. Anne Becker, munganga wa Harvard, aliuliza wasichana wa masomo ya sekondari mwaka ule, na akarudi kuuliza wengine wa umri uleule mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mumoja mwenye alisema anajitapisha ili apunguze kilo. Miaka 3 nyuma, ilikuwa 11 kwa 100. Watoto wetu leo hawangojee televisheni ya jirani. Wako na simu chini ya shuka.

Lakini habari ya Ghana ndiyo ilinigusa zaidi. Mwaka 2004 wanganga walitangaza uchunguzi wa wanafunzi wasichana 668 wa sekondari. Kati ya wale wembamba sana, walipata 10 wenye walikonda kwa sababu moja tu: walikuwa wanajinyima chakula wenyewe. Na wale 10 hawakusema lolote juu ya urembo ao unene. Walisema ni kufunga, ni kujitawala, ni mambo ya Mungu. Hawakujifanya. Waliamini vile.

Ndugu zangu wachungaji, tufikiri hapo. Binti mwenye leptini yake imeshuka chini hawezi kupima tena kufunga kwake kwa akili yake. Siku 3 zinakuwa 7, 7 zinakuwa 21, na sisi tunapiga makofi. Kwangu mimi, binti mwenye amekonda na hajaona mwezi tangu miezi 3, hafungi. Ninamukataza wazi, kama vile ningekataza mama mwenye mimba ao mugonjwa wa sukari. Anaweza kuomba ameshiba.

Na kwa upande mwingine, kwetu Congo kuko hatari yenye kuenda njia ya kinyume. Wanamuke wengi wanameza siproheptadini na deksametazoni, si kwa ugonjwa, ni kwa kupata mwili, mashavu na makalio. Vinauzwa sokoni kama pipi. Siproheptadini ni dawa ya kujikuna yenye kuongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Deksametazoni ni mubaya zaidi, maana inafanya kazi ya kortizoli. Tezi zenye ziko juu ya mafigo zinaona kortizoli iko nyingi katika damu, zinalala. Sukari na mukazo wa damu vinapanda. Na siku mutu anaacha vidonge kwa rafla, tezi zinakuwa zingali na usingizi, anaweza kuanguka na kufa. Mwenye amezoea vidonge hivi miezi mingi asiviache peke yake. Aende kwa munganga, apunguze polepole. Mwembamba mwenye kutafuta unene na munene mwenye kutafuta wembamba, wote wawili wanavuruga barua zilezile za kapita mumoja.

KUMULISHA

Sasa tufanye nini? Tusingoje. Vile alama zinaongezeka kwa miaka, mwezi wa kwanza ni bora kuliko wa sita.

Kama binti anazimia, ama moyo wake unapiga polepole sana ao kwa kuruka, ama miguu imevimba, ama anatapika kila siku, ama hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, hiyo si kazi ya maombi nyumbani. Ni hospitali, siku ileile. Waombe njiani.

Na tafazali, musimujaze chakula siku moja. Wengi wanafanya kosa hili kwa upendo. Kisha vita ya pili ya dunia, wafungwa wenye walikaa na njaa walipewa chakula kingi mara moja, na wamoja walikufa sahani ikiwa mkononi. Chakula kikiingia kwa nguvu, chembe za mwili zinanyonya fosfati na potasiumu yote ya damu, na moyo unakosa. Wauguzi wetu wenye kutunza watoto wa utapiamlo wanajua sheria hii vizuri: ndiyo maana mutoto anaanza na maziwa ya F-75, yenye nguvu kidogo, na F-100 inakuja nyuma. Kwa binti mwenye amekonda sana ni vilevile, kidogo kidogo, chini ya macho ya mwenye kujua.

Akirudi nyumbani, kazi kubwa ni ya wazazi. Katika hospitali ya Maudsley, London, tangu miaka ya 1980 walianza kuonyesha kwamba kwa mabinti vijana wenye hawajakaa miaka mingi katika ugonjwa, dawa bora ni baba na mama kushika meza. Wao ndio wanapima chakula, wao ndio wanakaa naye mpaka kiishe, mara 3 kwa siku na vitu vidogo katikati. Hawamupigi, hawamuombi musamaha, hawabishani juu ya kila kijiko. Wanasema: «Tunajua ni ngumu. Ugonjwa ndio unakataa, si wewe. Kula.» Bukari, maharagi, samaki, sombe yenye karanga, mayai ikiwezekana. Baba naye akae. Ninajua kuko nyumba ambazo chakula kinapatikana mara moja kwa siku, na baba analala kwenye karyeri juma zima. Pale jamaa na kanisa wagawane zamu, shangazi leo, mama wa kwaya kesho. Na ndugu zake wasiseme lolote juu ya mwili wake, hata kumusifu. «Sasa umenenepa, umekuwa muzuri» ni neno lenye linaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Itachukua muda. Miaka karibu 60 nyuma ya kazi ya Minnesota, watu wawili walienda kutafuta wale vijana wenye walibaki wazima, sasa wazee, na kuwauliza ilichukua muda gani mpaka kurudi kuwa watu. Wamoja walisema miezi 2, wengine miaka 2. Na wao walikuwa wanaume wenye afya, wenye kukaa na njaa miezi 6 tu. Majuma ya kwanza ya kula hayakuwapa furaha; wengi walikuwa na huzuni zaidi, na njaa haikuisha hata tumbo likijaa.

Kwa binti, damu ya mwezi ndiyo inachelewa. Kilo zinarudi kwanza, joto la mikono, usingizi, na mwezi unaweza kungoja miezi 6 ingine. Mama, hesabu siku katika kitabu chako, lakini usimuulize kila asubuhi.